Enaji seva ikipasuka, usikimbilie ufagio

Zile enaji seva za mrija uliosokotwa zina zebaki ndani. Ni miligramu chache, lakini ni sumu. Ikipasuka chumbani, toa watoto, fungua madirisha, subiri kama dakika 10. Vipande viokote kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki linase kwa selotepu, kisha tia vyote kwenye chupa yenye mfuniko. Ufagio hulitawanya tu. Na tafadhali, usizichome na taka za uani. Zebaki hupanda na moshi.

Ukinunua mpya chukua LED, haina zebaki. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kusitisha kutengeneza na kuingiza enaji seva za kawaida za wati 30 kushuka chini ifikapo 2025. Ila LED nayo ina ugonjwa wake: wakati mwingine vitaa vyenyewe ni vizima, kilichokufa ni kapasita ya kwenye kitako, yaani kipuri kidogo kinachotunza chaji ya umeme, imekaushwa na joto. Kwa hiyo usiifungie ndani ya kava la kioo lisilopitisha hewa. Ikizima, mpelekee fundi redio kabla ya kuitupa. Usiifungue mwenyewe, kapasita hubaki na chaji hata balbu ikishatolewa.