Somo: Kundi la chuo kuingia mashindano ya dansi mara ya kwanza

Wakuu habari za jioni, tangu nimesema tumetoka kushindana naulizwa kila siku tulijipangaje, sasa ngoja nimwage hapa mara moja. Sisi ni wanachuo kumi wa Dar na tulishika nafasi ya nne kati ya makundi saba, kwa hiyo sijidai fundi, ila makosa tumeyafanya karibu yote.

Hatua ya 1: someni masharti kabla ya kuchagua nyimbo. Sisi tulitengeneza dakika nne wakati masharti yanasema tatu, tukaja kukata zimebaki siku tano na palepale palipokatwa ndo kila mtu akawa anapotea.

Hatua ya 2: hesabuni. Hapa ndo penye kazi yenyewe. Dansi inahesabiwa mapigo nane nane, kila fungu tunaliita nane, sasa amapiano inakwenda kama mapigo 112 kwa dakika, dakika tatu ni mapigo 336, yaani nane 42. Singeli inaanzia huko 200 na inapanda, dakika zilezile tatu zinakuwa nane 75 au zaidi, mkiicheza mwanzo mwisho mtaishiwa hatua na pumzi pia. Sisi tuliiweka sekunde 40 za mwisho tu na bado kuna mtu alitoka anatembea kama mzee. Kila nane iandikwe kwenye daftari, inafanya nini na nani kasimama wapi.

Hatua ya 3: hatua chache ila wote pamoja. Kila kundi lina yule mmoja anayejua sarakasi na anataka azitoe zote, mpeni nane mbili zake basi. Mkono wa huyu ukiwa begani na wa yule kichwani inaonekana toka mlango wa ukumbi. Jirekodini kwa simu halafu angalieni bila sauti, muziki unaficha mengi. Na kuhama jamani, kutoka mstari mmoja kwenda mistari miwili, hapo ndo tulipokuwa tunagongana, tukachora chaki sakafuni. Wiki ya mwisho kipeni kioo mgongo, jukwaani hakipo.

Hatua ya 4: siku yenyewe. Muziki uwe kwenye flashi mbili na kwenye simu. Flashi yetu iligoma, simu ikatuokoa, ila hatukuizima laini na katikati mama wa mwenzetu akapiga, ukumbi mzima ukacheka. Viatu vipya msivae siku hiyo, na chipsi mayai ziacheni mpaka mmalize.

MASWALI

Dada, tukichanganya ngoma ya asili majaji hawatatuona washamba?
Changanyeni tu mdogo wangu. Wasukuma wameshindana kwa ngoma toka zamani, makundi yao mawili, Bagika na Bagalu, wanacheza muda mmoja na atakayevuta watu wengi ndo kashinda, sasa ushamba uko wapi hapo? Sisi tuliingiza bugobogobo, ngoma yao ya kucheza na majembe. Ila tafuteni anayeijua awafundishe, tulijifunza wenyewe kwa video na Wasukuma wawili wa kundini wakatucheka wiki nzima.

Mtu akisahau hatua katikati?
Miguu iendelee hata kama ni kukanyaga mdundo tu, na asigeuke kumwangalia jirani. Akigeuka tu jaji keshajua.

Je, yule mkali kuliko wote ila haji mazoezini tumfanyeje?
Aisee hilo gumu. Sisi tulitunga sheria ukikosa mara tatu unakuwa wa akiba, na wa kwanza kuangukia ni aliyeitunga, yaani mimi. Nilirudi siku mbili kabla kwa sababu mwenzetu aliteguka mguu, nikawekwa mstari wa nyuma kabisa, kwenye video yanaonekana majembe tu.