Somo: Kuhesabu sheshe na kukagua makazi yake, Bonde la Kilombero

Bonde hili lililo chini ya Milima ya Udzungwa liliingia kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002. Sheshe, swala wa nyanda za majimaji, ndiye mwenyeji wake maarufu, basi tumfuate yeye.

1. Kibali. Anzia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Uwandani nenda na askari wa wanyamapori. Kiboko hasomi barua.

2. Msimu. Masika maji hufunika mbuga na sheshe husogea pembezoni. Kiangazi hurudi kwenye majani mabichi karibu na mto. Ukihesabu Aprili mwaka huu na Septemba mwakani, ulicholinganisha ni mafuriko.

3. Mistari. Hii ni njia nyoofu utakazotembea ukihesabu. Ichore kwenye ramani kabla hujafika, ikatize matete, nyasi fupi na miombo. Usifuate barabara eti kwa sababu gari linapita.

4. Kutembea. Kila ukiona kundi, andika idadi, umbali na pembe (kwa nyuzi) kutoka kwenye mstari wako. Pima hadi pale waliposimama ulipowaona mara ya kwanza. Wengi hupima baada ya wanyama kutimka, halafu hesabu inatoka pungufu kuliko hali halisi.

5. Makazi. Kila mita 500 simama: kimo cha nyasi, kina cha maji, majivu ya moto, kinyesi cha ng'ombe, mashina ya mpunga. Jaza fomu hata kama hujaona mnyama. Hapa ndipo vijana wangu hunichosha: wanaruka vituo vitupu kwa kuwa "hakuna kitu". Sifuri penye nyasi nzuri na kinyesi kibichi cha ng'ombe ina habari nyingi kuliko sheshe thelathini.

Maswali ya wanakikundi

Swali: Mwalimu, jike la sheshe nalitofautishaje na tohe? Wote hawana pembe.
Jibu: Tazama chini ya sikio. Tohe ana baka jeusi lisilo na manyoya, sheshe hana.

Swali: Mnana wa Kilombero tumhesabu kwenye mistari hiyohiyo?
Jibu: Hapana. Ndege huyu, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1990, hujenga kwenye matete ya mtoni. Panda mtumbwi, hesabu viota, na utenganishe vyenye ndege na vilivyoachwa.

Swali: Wafugaji wakituona na fomu wanadhani tumekuja kuwahamisha.
Jibu: Pita kwa mwenyekiti wa kijiji siku moja kabla, umwoneshe fomu yenyewe. Na usiandike jina la mwenye ng'ombe.