Somo: Kumchora mtu kwenye msitu unaopukutisha majani, kwa rangi za mafuta

Mfano wetu ni mchoro wa Mrusi Isaac Levitan wa mwaka 1879: njia ya bustani ya Sokolniki, Moscow, na mwanamke mwenye nguo nyeusi anatujia. Mwanamke yule aliongezwa na rafiki yake, Nikolai Chekhov, kaka wa mwandishi Anton. Mikono miwili, lakini mchoro umeshikana. Hilo ndilo tunalolitafuta leo.

1. Zimua rangi ya kahawia kwa tapentaini, paka turubai yote, kisha ifute kwa kitambaa.

2. Chora upeo (mstari ambapo anga hukutana na ardhi), njia na miti, na mtu umwekee alama sasa hivi. Ardhi ikiwa tambarare nawe umesimama, kichwa cha mtu mzima wa kimo chako hugusa mstari wa upeo, awe karibu au mbali. Wengi hukosea hapa, mtu akaonekana anaelea.

3. Anza na vivuli, rangi iwe nyembamba. Siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) ukiichanganya na ultramarini (bluu iliyokolea) unapata giza lenye uhai, kuliko nyeusi ya kwenye tyubu.

4. Majani yafuate. Njano kali itumie kwa uchache. Ikikaa kando ya kijivu cha mawingu itang'aa yenyewe.

5. Sasa mtu. Gauni jeusi lipate rangi ya anga mabegani na rangi ya njia kwenye pindo. Pindo lilainishe kwa brashi kavu. Uso usiupambe, kwa umbali ule macho hayaonekani.

Kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake, la sivyo rangi itapasuka.

Maswali

*Mwalimu, niko Mombasa, msimu wa majani kupukutika hatuna. Nichore nini?*
Tafuta mti wa mkungu, dada. Majani yake huwa mekundu kabla ya kudondoka. Mweke mtu chini yake.

*Nikitia nyeusi kwenye njano inageuka kijani. Kwa nini?*
Nyeusi nyingi zina ubluu ndani yake. Ukitaka njano iwe na giza, tumia siena.

*Vanishi nipake lini?*
Subiri miezi 6 hadi 12, kutegemea unene wa rangi. Na ndugu zangu, vitambaa vyenye mafuta ya kitani (mafuta ya kuchanganyia rangi) msivirundike, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vilowekeni kwenye maji kabla ya kuvitupa.