Namna ya kujua kama gari lako linatakiwa kurejeshwa kwa marekebisho

Kampuni ya magari ikigundua kwamba kifaa fulani katika magari iliyoyatengeneza kina kasoro inayohatarisha maisha, hutangaza kuyarejesha kwa mawakala wake yarekebishwe bila malipo, na kila mmiliki anayejulikana huandikiwa barua. Shida ya wengi wetu Tanzania na Kenya imo katika hilo neno "anayejulikana". Gari lililotumika Japani miaka 7 ndipo likashushwa Mombasa au Dar es Salaam halina mmiliki mpya katika kumbukumbu za kampuni, na barua, kama iliandikwa, ilimfikia aliyeliuza. Kuulizia ni kazi yako.

Anza na namba ya chesisi. Imo kwenye kadi ya gari, lakini ni bora uisome kwenye gari lenyewe, katika kibati kilichomo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kwa sababu herufi moja ikikosewa utapewa majibu ya gari la mtu mwingine. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi, mathalani NZE141, kistari, kisha tarakimu 7. La masoko mengine kwa kawaida lina herufi na tarakimu 17. Hapa ndipo watu hukwama: huingiza namba fupi kwenye tovuti ya Marekani, tovuti ikakosa kuitambua, nao wakadhani gari ni salama. Namba fupi huulizwa kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni husika. Toyota, Nissan, Honda, Mazda na Subaru zote zina ukurasa huo, na tafsiri ya simu inatosha kuusoma.

Cha kwanza kuangalia ni mifuko ya hewa (airbag) ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyoitengeneza kwa ajili ya magari ya kampuni nyingi. Gesi inayoijaza hutoka katika kopo la chuma lenye kemikali ya amonia nitrati, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, hata siku ya ajali ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya kopo hilo usoni mwa aliyeketi mbele. Takata ilifilisika mwaka 2017, ila vifaa vyake vingali barabarani, na anayeishi Tanga au Mombasa ana sababu ya kuharakisha kuliko anayeishi kwenye baridi ya Njombe. Usingojee taa ya dashibodi: hiyo hufuatilia umeme wa mfumo, haijui hali ya kemikali iliyo ndani ya kopo.

Ukiona gari limetajwa, chapisha ukurasa huo, uende nao pamoja na kadi kwa wakala rasmi, na uombe jibu la maandishi. Anaweza kukuambia kwamba gari halikupitia kwake. Basi na hilo aliandike, kwa kuwa ndiyo karatasi utakayoipeleka Tume ya Ushindani kwa Tanzania, au Mamlaka ya Ushindani kwa Kenya. Wakati ukisubiri kifaa, kama kasoro iko upande wa abiria, abiria akae nyuma. Na kama tangazo linakataza kuendesha, gari libaki nyumbani. Usimruhusu fundi wa mtaani kuufungua mfuko huo, wala usinunue mwingine uliotolewa kwenye gari lililokatwa, maana huenda una kasoro ileile.

Kwa anayeagiza gari, njia rahisi zaidi ni kuomba namba ya chesisi kabla ya kutuma fedha na kumtaka muuzaji alipeleke likarekebishwe hukohuko Japani, ambako hakuna gharama. Magari mengi yaliyokwisha kurekebishwa huko hubandikwa kistika kidogo karibu na mlango wa dereva. Kikiwepo, bado hakikisha kwenye tovuti, kwani gari moja linaweza kutangazwa mara mbili kwa kasoro tofauti.