Kupita mstari kwa mstari kwenye jedwali la mauzo (JavaScript)

Somo hili ni la yule aliyekwisha kutengeneza jedwali kwa HTML na sasa anataka kivinjari kipige hesabu ya kila mstari, kisha kitoe jumla kuu. Mfano wetu ni mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anayeuza sangara, sato na dagaa kwa kilo. Bei ni za mfano.

Nalisema mapema jambo linaloangusha wengi: kilichoandikwa ndani ya seli ni cha macho ya mtu. Namba za kupigia hesabu zitafutie mahali pake.

Hatua ya 1: Andaa jedwali

```
<table id="mauzo">
  <thead>
    <tr><th>Samaki</th><th>Kilo</th><th>Bei</th><th>Thamani</th></tr>
  </thead>
  <tbody>
    <tr data-kilo="40" data-bei="12500">
      <td>Sangara</td><td>40</td><td>12,500</td><td class="thamani"></td></tr>
    <tr data-kilo="18.5" data-bei="10000">
      <td>Sato</td><td>18.5</td><td>10,000</td><td class="thamani"></td></tr>
    <tr data-kilo="60" data-bei="7000">
      <td>Dagaa</td><td>60</td><td>7,000</td><td class="thamani"></td></tr>
  </tbody>
</table>
<p>Jumla kuu: <b id="jumla"></b></p>
```

Tazama `data-kilo` na `data-bei`. Humo ndimo zilimokaa namba za kupigia hesabu, na JavaScript itazisoma kwa `dataset.kilo` na `dataset.bei`. Ndani ya seli tumeandika 12,500 kwa mkato kwa sababu mtu anasoma vizuri zaidi hivyo. Sasa ipe JavaScript maandishi yaleyale. `Number("12,500")` inarudisha NaN, yaani hiyo si namba. `parseInt("12,500")` inarudisha 12, kwa kuwa inasoma hadi ikutane na mkato, kisha inaishia hapo. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Kilo 40 za sangara zitatoka shilingi 480 badala ya 500,000, na konsoli (dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa ya programu) haitaonyesha kosa lolote. Mtu kaamka alfajiri kupokea mzigo wa mitumbwi, kapima, kauza, halafu programu inamwambia kauza shilingi 480! Hataiamini tena, na ana haki.

Hatua ya 2: Chukua mistari unayoitaka tu

```
const mistari = document.querySelectorAll("#mauzo tbody tr");
```

Hiyo `tbody` usiiruke. Ukiandika `#mauzo tr` peke yake, mstari wa vichwa vya safu nao unaingia. Hauna `data-kilo`, kwa hiyo hesabu yake inatoka NaN, na hauna seli ya `.thamani`, kwa hiyo msimbo wa hatua ya 3 utakatikia hapo kwa kosa, bila kutoa jumla.

Hatua ya 3: Pita, piga hesabu, andika

```
let jumla = 0;
for (const mstari of mistari) {
  const kilo = Number(mstari.dataset.kilo);
  const bei = Number(mstari.dataset.bei);
  const thamani = Math.round(kilo * bei);
  mstari.querySelector(".thamani").textContent =
    thamani.toLocaleString("en-US");
  jumla += thamani;
}
document.querySelector("#jumla").textContent =
  jumla.toLocaleString("en-US");
```

Sangara 500,000, sato 185,000, dagaa 420,000. Jumla kuu 1,105,000. Zipige kwa kikokotoo ujiridhishe kabla hujamkabidhi mtu kazi yake.

`let jumla = 0` ikae nje ya kitanzi, yaani ile `for` inayopita mistari. Ukiiweka ndani, kila mstari unaanza upya na sifuri, na huku nje haitaonekana kabisa. Ile `toLocaleString` inarudisha mikato kwa ajili ya msomaji, na tunaiita mwisho, baada ya hesabu kwisha.

Hatua ya 4: Kuongeza mstari mpya

Tumia `insertRow()` kwenye `tbody`, kisha `insertCell()` kwa kila seli, na jina la samaki liweke kwa `textContent`. Jina lililochapwa na mtu kwenye fomu usilipitishe kwenye `innerHTML`, maana akichapa tagi badala ya jina, kivinjari kitaichukua kama sehemu ya ukurasa wako. Kumbuka kuupa mstari `dataset.kilo`, `dataset.bei` na seli yenye klasi ya `thamani`, halafu rudia hatua ya 2 na ya 3.

Maswali ya wanachama

Kutoka Igoma: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi nilikuwa natumia `mstari.cells[3]`. Nimeongeza safu ya jina la mtumbwi mwanzoni, sasa thamani zinaandikwa juu ya bei. Kwa nini?

Nzuri, kaka. `cells` inahesabu nafasi kuanzia sifuri. Umeingiza safu mbele, zote zimesogea, na nafasi ya 3 sasa ni bei. Seli yenye `colspan` nayo inavuruga hesabu hiyo, kwa sababu inahesabiwa kuwa moja. Ndiyo maana tumeita kwa klasi, `.thamani`. Seli ikisogea, jina lake linasogea nayo.

Kutoka Nansio, Ukerewe: Nafuta mistari yenye kilo sifuri kwa kupita `jedwali.tBodies[0].rows`, lakini mingine inabaki. Nikibonyeza tena ndiyo inafutika.

Orodha ya `rows` ni hai, inabadilika papo hapo. Tuseme mistari iliyo nafasi ya 1 na ya 2 yote ina sifuri. Unafuta wa 1, wa 2 unapanda kuchukua nafasi yake, lakini kihesabio chako kimeshakwenda 2. Umeuruka. Anza mwisho urudi mwanzo:

```
const rows = jedwali.tBodies[0].rows;
for (let i = rows.length - 1; i >= 0; i--) {
  if (Number(rows[i].dataset.kilo) === 0) rows[i].remove();
}
```

Au tumia `querySelectorAll`. Orodha yake haibadiliki baada ya kuchukuliwa, hivyo unaweza kufuta ukielekea mbele bila shida.

Kutoka Buhongwa: Shikamoo mwalimu. Kila mstari una kitufe cha kufuta. Niweke kisikilizaji (`addEventListener`) kwa kila kitufe ndani ya kitanzi?

Marahaba. Inawezekana, ila mstari utakaoongezwa baadaye hautakuwa nacho. Weka kimoja tu kwenye `tbody`. Mtu akibonyeza, hakikisha kwanza kilichobonyezwa ni kitufe, kisha `e.target.closest("tr")` itakupa mstari wake (`e` ni tukio ambalo kisikilizaji kinapokea). Ufute, upige jumla upya.

Kutoka Nyakato: Nikijumlisha kilo 0.1 na 0.2 napata 0.30000000000000004. Mizani ndiyo mbovu au programu?

Mizani haina kosa. Kompyuta huhifadhi desimali kwa namba za msingi wa mbili, na 0.1 haiandikiki kamili humo. Badili kilo ziwe gramu, jumlisha namba nzima, halafu gawa kwa 1000 wakati wa kuonyesha.

Kutoka Kirumba: Jumla ikishatoka kwenye skrini, naweza kuituma kwenye seva ikachapwa kwenye risiti?

Hapana, dada, usifanye hivyo. Yeyote anaweza kufungua zana za kivinjari akabadili `data-bei` kutoka 12500 kuwa 1250, na kitanzi chetu kitapiga hesabu ya bei hiyo bila kuuliza. Tuma namba ya bidhaa na kilo tu. Seva ichukue bei kwenye hifadhidata yake, ihakikishe kilo ni namba iliyo juu ya sifuri, ipite mistari upya na kutoa jumla yake yenyewe. Hiyo ndiyo ya kuchapa.