Vijiti vya mkomamanga: chini mshazari, juu bapa
Nilipoteza vijiti vinane vya kuotesha miche kwa kuvichomeka kichwa chini, miguu juu. Sasa upande wa chini nakata mshazari, karibu kabisa na kifundo, pale jani linapoota. Wa juu nakata bapa. Hata vikichanganyika kwenye ndoo, najua upi unaingia udongoni, na mizizi hupenda kuchomoza hapo kifundoni. Tawi liwe limekomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi. Vua majani yote, fukia theluthi mbili, weka kivulini. Usichimbue kuchungulia, mizizi michanga hukatika. Na majani mapya yasikudanganye: kijiti huweza kuchipua kwa akiba yake kabla hakijatoa hata mzizi mmoja. Kwa mwembe na mparachichi usijisumbue, hiyo ni kazi ya kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye mche wa mwingine.