Una la kukumbuka baadaye? Lifunge kwenye kitu

Unajumlisha hesabu za duka huku kichwani umebeba "nisisahau kumpigia fundi." Hesabu itakwenda, ila kwa kusuasua. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rebekah Smith alilionyesha hili: watu walipewa kazi ya kuamua haraka kama herufi zilizo kwenye skrini ni neno la kweli au la, na baadhi yao wakaambiwa wabonyeze kitufe kingine wakiona maneno fulani. Hao walichelewa kujibu hata pale maneno hayo yalipokuwa hayajatokea. Nusu ya akili ilikuwa mlangoni ikisubiri mgeni.

Kwa hiyo usiache nia ikielea. "Nitampigia baadaye" ndiyo mbaya kuliko zote, maana hiyo baadaye haijulikani ni lini. Ifunge kwenye kitu ambacho lazima utakutana nacho: "Nikishafunga daftari la mauzo, kabla sijainuka, nampigia fundi." Kisha andika namba yake kwenye kikaratasi, ukibandike juu ya jalada la daftari. Hapo daftari ndilo litakalokukumbusha.

Kama jambo lina saa yake, mfano dawa ya saa nane, tegesha kengele ya simu. (Sauti iwe juu, mtetemo ndani ya mkoba ni kazi bure.) Maharage yaliyo jikoni nayo yategeshee kengele, la sivyo utajumlisha huku unanusa.